Inkisari ya Besi

Ukilitamka neno kompresa hapa Nyasubi, hakuna atakayefikiri gitaa. Msikilizaji wako atafikiri kwanza ile mashine yenye tangi la chuma inayounguruma mbele ya mafundi wa matairi, kwani mji wa Kahama uko katika njia ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, na matairi ya malori hayana siku ya kupumzika. Akiwa amewahi kufika machimboni, atafikiri kompresa kubwa zaidi, ile inayovutwa na gari hadi kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, ikasukuma hewa katika mpira mrefu unaoteremka shimoni, na hewa hiyo ikaitikisa mashine ya kutobolea mwamba. Kompresa ninayotaka kuizungumzia mimi ni ya tatu, nayo haitoi hewa wala haina kelele. Ni kisanduku chembamba chenye vifundo na vitaa, au siku hizi picha tu ya kisanduku hicho katika kioo cha kompyuta, na kazi yake ni kuishika sauti ya chombo cha muziki isipande kupita kiasi. Kwa muda mrefu sasa kisanduku hicho kimekaa baina ya watu wawili ninaowapenda, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Mimi ni mtu wa Unguja, mtu wa mashairi na tafsiri, na yote mawili nimejifunza bila ya kukaa mbele ya mwalimu. Nilifika huku bara kwa biashara ya mchele ya shemeji yangu, nikidhani nitakaa msimu mmoja, na misimu imekwisha kunipita hesabu. Katika kikundi cha muziki cha mtaani kwetu, ambacho hupiga katika harusi na sherehe za mavuno, kazi yangu ni kutunga maneno ya nyimbo. Sipigi chombo chochote. Lakini kijana anayetushughulikia mitambo, ambaye ana chumba kidogo cha kurekodia kilichowambwa magodoro ukutani, alisikia kwamba najua kufasiri, akaniletea kijitabu cha maelekezo cha kompresa aliyoinunua mitumba, pamoja na kurasa kadhaa za maelezo alizozichapisha kutoka katika programu ya kompyuta yake. "Mzee," alisema, "maneno haya nayatumia kila siku, ila sijui yanasema nini."

Nayo alikuwa akiyatumia kwa ufasaha. Alikuwa na treshodi, akawa na rasho, ataki, rilizi na geni, na kila moja alijua kifundo chake. Alichokikosa ni maana ambayo lugha humpa mtu kabla hajagusa kifundo. La kwanza lilinipa furaha kubwa, kwa kuwa Kiswahili kinalo neno lake tangu enzi na enzi: kizingiti. Ndicho kile kipande cha mti au jiwe mlangoni ambacho mguu hauna budi kukivuka. Sauti iliyo chini ya kizingiti, kompresa haiigusi; inapita kama ilivyo. Sauti ikikivuka ndipo mashine inapoamka. Rasho nikaiita uwiano, na hapo sikujisumbua. Geni ya mwisho, ile inayorudisha kilichopunguzwa, nikaiita fidia. Kazi ilikuwa katika hayo mawili ya kati. Ataki kwa maana ya shambulio nililikataa, kwani hapa hakuna anayemshambulia mtu. Kinachosemwa ni wepesi wa mashine katika kuikamata sauti baada ya kuvuka. Nikakumbuka mchezo wetu wa utotoni wa kurusha kijiwe na kukidaka kabla hakijaanguka, nikaandika mdako. Rilizi ikawa mwachio. Kijana alicheka sana kuliona jina la mchezo wa watoto katika kazi yake, lakini tangu siku ile sijamsikia tena akisema ataki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukiona kifaa hiki, hesabu yake ni nyepesi. Katika kompyuta, nguvu ya sauti huhesabiwa kwa desibeli kutoka juu kushuka, kama kina cha maji: sifuri ni usoni pa maji, na kadiri sauti inavyokuwa ndogo ndivyo inavyozama. Tuseme kizingiti kimewekwa desibeli 20 chini ya sifuri, na uwiano ni 4 kwa 1. Mpigaji akiupiga uzi kwa nguvu, sauti ikafika 8 chini ya sifuri, basi imekivuka kizingiti kwa desibeli 12. Kwa kila 4 zilizovuka, mashine inaruhusu 1 tu itoke. Kwa hiyo 12 zinakuwa 3, na sauti inatoka ikiwa 17 chini ya sifuri. Imekatwa desibeli 9. Noti laini iliyofuata, ambayo haikukifika kizingiti, haikukatwa kitu. Kwa hivyo noti kali na noti laini zimesogeleana. Ukiongeza fidia ya desibeli 9, zote mbili zinapanda pamoja, na sasa ile laini, ambayo awali ilizama chini ya gitaa la rithimu na tumba, inasikika.

Kwa nini besi, na si filimbi? Kwa sababu uzi mnene wa gitaa la besi una tabia ya ukaidi. Vidole viwili vinavyopokezana havilingani nguvu; uzi mmoja huvuma kuliko jirani yake; noti za chini hula umeme mwingi na sikio letu huzisikia kwa shida. Mwimbaji akishuka sauti kidogo, wasikilizaji humsogelea. Besi ikishuka, hakuna anayejua kilichopungua, ila wachezaji huanza kuangaliana.

Hapa kwenye mdako na mwachio ndipo mafundi wengi wanapoharibu, nami nimelielewa jambo hili kwa kulifasiri mara tatu. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne, ule wa E, hutikisika takriban mara 41 kwa sekunde. Maana yake, mtikisiko mmoja kamili unachukua kama elfu 24 za sekunde, na huo ni muda mrefu kwa mashine. Ukiuweka mdako na mwachio viwe vya haraka mno, kompresa itamaliza kukamata na kuachia ndani ya mtikisiko mmoja, itaanza kuufuata mgongo wa wimbi lenyewe badala ya kuifuata noti, na utasikia mkwaruzo kama wa karatasi iliyochanika. Tena, mdako wa haraka hukata kile kishindo cha kwanza cha kidole kwenye uzi, na ni kishindo hicho kinachomwambia msikilizaji kwamba aliyepiga ni mtu. Ukiuchelewesha kidogo, kishindo kinapita mlangoni kabla mlinzi hajainuka, kisha mlinzi anaushika mwili wa noti unaofuata.

Wasomaji wa kurasa hizi wameshaona ninakoelekea. Washairi wetu tuna inkisari: tunalifupisha neno ili mizani itimie, aliyekuja akawa alokuja, na hakuna anayetushitaki. Tuna na mazda, ya kulirefusha neno fupi, enda ikawa enenda. Kompresa ni mashine ya inkisari, na fidia yake ni mazda. Hata mabishano ni yaleyale. Tangu Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na naomba ikumbukwe kwamba alikuwa mtu wa Ujiji, bara kuliko hata huku niliko, tumekuwa tukiulizana kama mizani inamfunga mshairi au inamfungua. Sina haja ya kulifufua hilo. Nasema tu kwamba mfano wangu una mwisho, na mwisho wake ni huu: mshairi anapolikata neno anajua maana yake, anajua lipi la kukata na lipi akilikata atakuwa ameua ubeti. Kompresa haijui maana, inajua kimo tu. Noti iliyopigwa kwa nguvu kwa sababu kidole kimeteleza, na noti iliyopigwa kwa nguvu kwa sababu bibi harusi anaingia, kwake ni moja.

Nililelewa na besi isiyohitaji haya yote. Katika taarabu yetu ya Unguja, katika vikundi kama Culture Musical Club, besi ni lile fidla kubwa linalosimama kumpita mpigaji, likadonolewa kwa kidole katikati ya fidla ndogo, udi, kanuni na akodiani. Halina waya. Mpigaji na ubao wake ndio kizingiti na ndio mwachio, na watu wa fidla humsikia wakajipima kwake. Ilipokuja taarabu ya kisasa, na vikundi kama East African Melody katika miaka ya 1990, gitaa la besi na kinanda vilichukua nafasi hiyo, na sauti ya chini ikawa jambo la spika. Sisemi kwa kulaumu. Nimecheza sana taarabu hiyo.

Kwa upande wa dansi, nyimbo nyingi tunazozikumbuka zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, na mkanda ukipokea ulichopewa. Bendi ya mkoani ilibidi isafiri hadi Dar es Salaam. Walakini, hata huko sauti ilibanwa: mkanda wa sumaku ukijazwa kupita kiasi hukunja vilele vya sauti wenyewe, na redio kote duniani zimekuwa na vifaa vya kuzuia sauti isipite kiasi cha mtambo wa kurushia tangu miaka ya 1930. Kompresa yenyewe ni mtoto wa redio. Baadaye ndipo studio za muziki zilipoichukua kama chombo cha ladha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko California, Jim Lawrence alibuni ile iitwayo LA-2A, ambayo ndani yake mna kibamba kinachong'aa sauti inapozidi, na kipokezi kinachokitazama kikapunguza sauti kwa kadiri ya mwanga. Mwachio wake ni wa namna ya kibinadamu: nusu ya kwanza huachiwa upesi, iliyobaki pole pole, hata sekunde kadhaa. Mwaka 1967 Bill Putnam alitoa ya kwake, 1176, yenye mdako wa haraka mno, unaohesabiwa kwa sehemu za milioni za sekunde. Vifaa hivyo ni ghali na sijawahi kukutana na hata kimoja. Kompyuta ya kijana wetu inayo picha za vyote viwili, na tabia zao zimeigwa vizuri.

Sasa nimfikie mzee. Jina lake nitaliacha, kwa kuwa hapendi kuandikwa. Ni mpiga besi wa kikundi chetu, amevuka miaka sabini, na katika miaka ya 1970 alipiga katika bendi za mikoani, zile ambazo vyombo vyake vilikuwa mali ya taasisi au ya mwenye baa, hata mpigaji akihama aliondoka na vidole vyake tu. Anasimulia jinsi walivyochemsha nyuzi za besi ndani ya sufuria zipate kulia tena, kwani mpya hazikupatikana. Bendi zilipopungua, naye akiwa na watoto wa kusomesha, aliingia kwenye maduara. Kwa miaka mingi aliishika mashine ya kutobolea mwamba, ile inayoendeshwa na hewa ya kompresa. Mtikisiko wa mashine hizo huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole. Madaktari wanaujua ugonjwa huo kwa wakata miti na wachimbaji wa nchi nyingi. Vidole hufa ganzi, na baridi ikija hugeuka rangi. Mkono wake wa kulia ndio ulioumia zaidi. Kidole cha shahada kinafanya kazi. Cha kati husikia uzi kwa shida, na hupiga ama kwa udhaifu ama kwa nguvu isiyotakiwa, kwa kuwa hakimpi habari.

Mwaka juzi alisema anataka kurekodi nyimbo zake tano. Nne ametunga yeye, maneno nimeyanyoosha mimi. Ya tano ni ya kikundi. Katika maisha yake yote amerekodiwa mara mbili tu, na mara zote mbili besi haisikiki.

Kijana wa mitambo alianza na jukwaa, kwa kuwa harusi ilikuwa karibu. Akaiweka kompresa baina ya besi na mikseri, uwiano wa 8 kwa 1, kizingiti chini kabisa, fidia ya kutosha, akijua kwamba kidole cha kati kitasaidiwa. Na kwa kweli kilisaidiwa: kwa mara ya kwanza noti zote za mzee zilifika mlangoni pa ukumbi zikiwa na kimo kimoja. Mzee alivumilia nyimbo tatu, kisha akamwita. "Mjukuu wangu, mlango huu nausukuma, hauendi." Alikuwa na haki. Sebene inapokaribia, mpiga besi huizidisha nguvu mikono, mpiga ngoma husikia, gitaa la solo husikia, na wachezaji huinuka kabla hawajajua kwa nini. Anasema alijifunza hayo utotoni kwenye ngoma za Wasukuma, pale vikundi viwili vinapotunishiana misuli na ngoma kubwa ndiyo inayotoa amri. Kompresa iliyokazwa namna ile huila amri. Kadiri anavyozidisha ndivyo inavyozidi kukata.

Kulikuwa na makosa mengine mawili, ambayo nayataja kwa ajili ya wenye vikundi vidogo. Kwanza, fidia hunyanyua kila kitu kilicho chini: mvumo wa umeme, mtetemo wa jukwaa, na ile sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa ikazunguka hadi ikapiga yowe. Pili, watu hudhani kompresa hulinda spika. Hulinda dhidi ya vilele. Lakini sauti iliyobanwa kisha ikanyanyuliwa haina mabonde ya kupumzika, wastani wa nguvu unapanda, na koili ya spika hupikwa pole pole bila ya mtu kusikia kishindo. Zaidi ya hayo, sehemu ya tatizo haikuwa kidole. Ukumbi wetu ni wa bati, na noti moja ya kati ilikuwa ikivuma kuliko zote. Kompresa haiusikii ukumbi; inasikia waya tu. Tuliitoa spika ya chini kwenye pembe, maana pembe huizidisha besi, na nusu ya uvumi ule ukaisha. Baada ya hapo jukwaani kilibaki kikomo peke yake: kizingiti cha juu kabisa, uwiano mkali, kisichogusa kitu isipokuwa waya ukichomoka au mtu akiiangusha maiki. Mlango wa mzee ukafunguka. Kidole cha kati kikaendelea kuteleza, na katika harusi hakuna aliyejali, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa kwake, na anayemwona mpigaji humsamehe na kumkamilishia.

Studio ni jambo jingine. Atakayesikiliza hatamwona mzee. Hatajua kwamba kidole kimeumia. Atajua tu kwamba noti imezama. Atairudia, na kila akirudia itazama palepale. Kwa hiyo hoja iliyoshinda jukwaani haikushinda chumbani, na kijana alikuwa wa kwanza kusema hivyo. Bahati mbaya alisema pia kwamba njia rahisi ni kuipiga besi yote kwa kinanda. Ndivyo zilivyotengenezwa nyimbo nyingi za kizazi kipya, zikapendwa, na yeye amekulia humo, hakukusudia tusi. Mzee aliondoka chumbani, na kwa wiki mbili hakuja mazoezini. Katika wiki hizo mbili nilikwenda na kurudi baina ya nyumba mbili zilizo mtaa mmoja kama mjumbe wa posa.

Nilimpelekea mzee habari za James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo za Motown kule Detroit na kufariki mwaka 1983: kwamba alidonoa nyuzi kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada, na kwamba nyuzi zake alikuwa habadilishi ila kwa shida. Nilidhani zitamfariji. Alizisikiliza kwa adabu. "Huyo alikichagua kidole kimoja," alisema. "Mimi nimechaguliwa." Lakini siku ya pili nilimkuta kibarazani akiwa na gitaa, anadonoa kwa kidole kimoja, taratibu, mistari ile aliyoipiga kwa viwili kwa miaka hamsini. Nyingine zilikubali. Zile za haraka zilikataa.

Kijana naye nilimwomba jambo moja: asiiguse besi mpaka aniambie noti ngapi kweli zinazama. Alihesabu katika wimbo wa kwanza, akaja na jibu kwamba ni chache kuliko alivyodhani. Na kwamba nyingi zao mzee huzipiga anaposhuka kwenye uzi wa E. Basi akafanya kazi ya mshairi. Alizinyanyua noti hizo moja moja kwa mkono, kila moja kwa kadiri yake, kabla ya kompresa yoyote. Kisha akaweka ile ya mwanga kwa upole, sindano ikicheza kwenye desibeli 3 au 4, isizidi 6, uwiano mdogo, mdako wa taratibu ili kishindo cha kidole kipite. Wakati wa kurekodi hakubana kitu, kwa sababu kilichobanwa kikiingia hakibanduki tena. Ile ya haraka aliijaribu, akaizima.

Tukasikiliza. Besi ilikuwa imekaa. Ilikuwa na mtu ndani yake. Na ilikuwa na kitu kingine: fidia ilikuwa imenyanyua vitu vidogo, na baina ya noti ilisikika ngozi ya kidole ikisugua uzi, na chini zaidi, katika wimbo wa pili, pumzi ya mzee, fupi, kwenye kila mwanzo wa ubeti. Ni pumzi ya mtu aliyefanya kazi mahali penye vumbi la mawe. Kijana alitaka kuiondoa. Ni kazi ya dakika kumi kwake. Mimi nilisema abakishe, na naungama kwamba nilikuwa nafikiri kama mtu wa kughani mashairi, ambaye kwake pumzi ni sehemu ya kituo. Mzee alisikiliza mara ya pili peke yake, masikio yamefunikwa. Alipozitoa spika za masikioni alisema pumzi ya kwenye sebene iondoke, maana pale anaonekana amechoka na hakuwa amechoka. Nyingine zibaki. Basi ikawa hivyo, na sikuona kwamba mimi au kijana tulikuwa na la kuongeza.

Watakaozisikiliza nyimbo hizi, wengi watazisikiliza kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kuutoa mtikisiko wa mara 41 kwa sekunde, haina kifua hicho. Inachotoa ni sauti za juu za uzi uleule, na sikio la binadamu, kwa ajabu yake, hulijaza lile la chini lililokosekana. Kijana ameziongezea sauti hizo za juu ukali kidogo. Alinisikilizisha kwenye simu yake tukiwa barabarani, lori linapita, na besi nikaifuata mpaka mwisho.

Nyimbo tatu zimekamilika. Zilizobaki zina shida ya majira: Juni na Julai asubuhi za Kahama ni za baridi na kidole cha kati hakisikii kitu hadi saa tano, na saa tano ndipo fundi wa matairi wa jirani anapoiwasha kompresa yake, magodoro ya ukutani yasiweze kuizuia. Mzee huja na chupa ya chai, akaikumbatia kwa mikono miwili kabla ya kuligusa gitaa. Wimbo wa nne una uzi wa E karibu kila mahali, na katikati hamna pa kupumzika. Ameniomba niongeze ubeti mmoja ambao mwimbaji atauimba na tumba peke yake, ili mkono wake ulale. Mishororo minne, kumi na sita kumi na sita. Miwili ninayo. Wa tatu umenizidi mizani moja, na neno linalozidi sitaki kulikata.